Kifusi Si Takataka

Nyumba ikibomolewa, huacha lundo. Ndani ya lundo hilo mna matofali mazima na matofali yaliyovunjika, mawe, mbao, misumari, mabati, vioo na mapande ya simenti. Vitu hivyo vyote pamoja huitwa kifusi. Watu wengi wakiona kifusi husema: «Takataka hizi, zikatupwe bondeni.» Lakini mwashi mwenye akili hutazama mara ya pili. Yeye huona mali iliyochanganyika, inayongoja mtu wa kuichagua.

Katika Ulaya kuna mji mmoja ambao watu wake walilazimika kujifunza jambo hilo, kwa sababu karibu mji wao wote uligeuka kifusi. Ni mji wa Warsaw, mji mkuu wa nchi ya Polandi.

1. Mji uliovunjwa

Kabla ya Vita Kuu ya Pili mji wa Warsaw ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Vita vilianza mwezi wa Septemba 1939, na majeshi ya Hitler yakauteka mji. Mwaka wa 1940 Wayahudi walifungiwa nyuma ya ukuta, katika mtaa wa Muranów na mitaa ya jirani. Walikuwa zaidi ya 400,000, na wengi wao waliuawa. Mwaka wa 1943 wale waliobaki walishika silaha wakapigana. Basi mtaa wao ulichomwa na kubomolewa.

Tarehe 1 Agosti 1944 wenyeji wengine wa mji nao waliinuka, wakapigana kwa muda wa siku 63. Waliposhindwa walifukuzwa mjini. Kisha askari wa Hitler walipita nyumba kwa nyumba, wakizitia moto na kuzilipua kwa baruti.

Vita vilipotoka mjini, mwezi wa Januari 1945, upande wa magharibi wa mto Vistula ulikuwa umeharibika kabisa. Katika kila nyumba 10, zaidi ya 8 zilikuwa magofu. Wakubwa wengine walishauri mji mkuu uhamishwe, upelekwe Łódź. Lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kuanza kurudi, tena wakati wa baridi kali. Walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi, chini ya nyumba zilizoanguka. Walihitaji nyumba upesi. Je, matofali yangetoka wapi? Viwanda vingi vilikuwa vimeharibika, na magari yalikuwa machache. Lakini matofali ya zamani yalikuwako kwa mamilioni, chini ya miguu yao.

2. Tofali kwa tofali

Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa hatari. Ndani ya kifusi mlikuwa na mabomu yasiyolipuka bado. Askari waliyatafuta na kuyatoa. Tena mlikuwa na maiti za watu. Hao walitolewa kwa heshima, wakazikwa.

Kisha watu walishika makoleo na nyundo. Walisimama mstari mmoja mrefu, wakapokezana matofali mkono kwa mkono, toka lundo mpaka barabarani. Wengine waligonga kila tofali polepole, ili chokaa ya zamani ianguke. Matofali mazima yalipangwa vizuri, tayari kwa waashi. Haba na haba hujaza kibaba: tofali moja ni kitu kidogo, lakini nyumba nzima si kitu kingine ila tofali moja baada ya jingine.

Kwa nini matofali hayo yaliweza kusafishwa? Kwa sababu nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini kuliko tofali. Ukiigonga, huachana na tofali, na tofali hubaki zima. Simenti haifanyi hivyo. Hushika kwa nguvu sana, na ukitaka kuibandua, mara nyingi tofali lenyewe hupasuka. Nyumba iliyojengwa kwa chokaa au kwa udongo hubomolewa kwa faida kuliko nyumba iliyojengwa kwa simenti.

3. Vipande vilivyovunjika

Katika Muranów matofali mazima yalikuwa machache, na kifusi kilikuwa kingi mno. Hakikuweza kuchukuliwa chote. Bohdan Lachert, fundi wa kuchora nyumba, alitoa shauri jingine. Vipande vilisagwa, vikachanganywa na simenti na maji, vikatiwa katika vibao vya kufyatulia. Vilipokauka vilikuwa matofali makubwa na magumu. Kifusi kilichobaki kilisawazishwa, na nyumba mpya zikajengwa juu yake. Ndiyo maana hata leo baadhi ya nyumba za Muranów zimekaa juu ya vilima vidogo, na watu hupanda ngazi ili kuzifikia.

Lachert alitaka kuta hizo zisipakwe chokaa, ili rangi nyekundu ya matofali yaliyosagwa ionekane, na watu wasisahau mambo yaliyotendeka mahali hapo. Baadaye kuta zilipakwa, kwa kuwa watu waliziona zina huzuni. Lakini chini ya rangi, kifusi kile bado kipo.

Katika mtaa wa zamani kabisa mafundi walipekua kifusi kwa uangalifu mkubwa. Walipoona jiwe lililochongwa zamani, walilirudisha katika ukuta mpya. Mwaka wa 1980 mtaa huo uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

4. Kila kitu mahali pake

Siri ya kazi hii ni moja: chagua kwanza, usichanganye. Kitu kilichochaguliwa ni mali. Kilichochanganyika ni mzigo.

Tofali zima husafishwa na kujengwa tena. Tofali lililovunjika husagwa, au hutiwa katika njia yenye matope.

Betoni ni mchanganyiko wa simenti, mchanga, kokoto na maji. Betoni ya zamani hupondwa ikawa kokoto mpya. Kokoto hiyo hufaa sana chini ya barabara na chini ya sakafu. Lakini ina simenti ya zamani iliyoganda juu yake, nayo hunywa maji mengi. Kwa hiyo fundi haitumii katika nguzo za nyumba ndefu kabla ya kuipima nguvu.

Chuma huweza kuyeyushwa na kufanyizwa tena mara nyingi. Mbao hung'olewa misumari, kisha hufaa kwa milango, viti na dari. Bati lenye tundu dogo bado lafaa kuezekea banda la kuku.

Iko hatari moja kubwa. Baadhi ya mabati ya zamani yalifanyizwa kwa simenti na nyuzi za amianti. Yakivunjwa au kukatwa, hutoa vumbi la nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo huingia mapafuni na kuleta ugonjwa mbaya baada ya miaka mingi. Mabati hayo hayatumiwi tena, wala watoto wasiyaguse. Tena mtoto asicheze juu ya kifusi bila viatu. Msumari wenye uchafu waweza kumletea pepopunda.

5. Faida kwa wote

Katika nchi ya Kongo matofali mengi huchomwa katika tanuru kwa kuni. Kila tofali la zamani linalojengwa tena ni kuni zilizobaki msituni. Kila kigari cha kokoto ya kifusi ni jiwe lisilochimbwa mlimani. Tena kifusi kikitupwa bondeni, huziba mto mdogo, na mvua kubwa ikija, maji huingia katika nyumba za watu.

Mataifa nayo yameliona jambo hilo. Mwaka wa 2008 nchi za Umoja wa Ulaya zilipatana kwamba, mpaka kufika mwaka wa 2020, katika kila kilo 100 za takataka za ujenzi, kilo 70 zipate kazi nyingine, hata kama ni kujazia mashimo.

6. Neno la kuangalia

Katika kazi ile ya Polandi palikuwa na kosa vilevile. Warsaw ulihitaji matofali mengi sana, hata mengine yakaletwa kutoka mji wa Wrocław na miji mingine iliyopigwa na vita. Huko hazikubomolewa nyumba zilizoanguka tu. Nyumba nyingine zilizoweza kutengenezwa nazo zilibomolewa ili matofali yake yapatikane. Basi mji mmoja ulijengwa, na mwingine ukapungukiwa.

Kwa hiyo mjenzi hufuata mpango huu. Kwanza, hutengeneza nyumba inayosimama. Ikiwa haiwezekani, huibomoa polepole, ili vitu vitoke vizima. Visivyotoka vizima huvisaga. Kinachobaki, ndicho takataka. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini watu wa Warsaw hawakungoja matofali mapya?
2. Chokaa na simenti zinatofautianaje wakati wa kubomoa nyumba?
3. Kokoto ya betoni ya zamani hufaa kwa kazi gani? Kwa nini fundi huipima kwanza?
4. Taja vitu vitano vinavyopatikana katika kifusi, na useme kila kimoja chafaa nini.
5. Eleza maana ya methali: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.