Kiraka cha cron Hakijathibitika Mpaka Hitilafu Ionekane

Karibu kila seva ya Linux ina programu ndogo iitwayo cron. Huamka kila dakika, hutazama ratiba, kisha huanzisha kazi ambazo saa yake imefika: kunakili data usiku, kutuma ripoti alfajiri, kufuta mafaili yaliyopitwa na wakati. Toleo lake lililoenea zaidi lilianzishwa na Paul Vixie mwaka 1987, na katika mashine nyingi za enzi zile majina ya watumiaji yalikaa ndani ya mashine yenyewe. Leo chuo au benki yenye kompyuta mamia haiwezi kuandika jina la kila mfanyakazi katika kila mashine. Majina huwekwa kwenye seva moja ya akaunti, na mashine nyingine huiuliza kupitia mtandao, mara nyingi kwa LDAP, utaratibu uliobuniwa Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpango ni mzuri, ila cron haikuundwa kwa kuutazamia.

Tuseme mhasibu ana ratiba yake kwenye seva, na seva imewashwa upya. Cron huanza mapema, pengine kabla mtandao haujawa tayari. Inafungua folda ya ratiba, inakuta faili la mhasibu, inauliza kama mtu huyo yupo. Seva ya akaunti haifikiki bado, kwa hiyo jibu linakuja kwamba hayupo. Cron inaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu za mfumo kuwa ratiba hiyo ni yatima, kisha inaiacha. Punde mtandao unapatikana na mhasibu anaingia kwenye mashine bila shida yoyote, lakini cron ya asili haiulizi tena. Ili isijichoshe, huangalia tu kama folda ya ratiba imeguswa. Isipoguswa, haisomi upya. Kazi ya mhasibu haitafanyika usiku huo wala usiku unaofuata, na hakuna atakayepigiwa kengele.

Tiba inayoeleweka ni kuifundisha cron iwakumbuke mayatima wake na kuwaulizia tena kila baada ya muda mfupi. Kuandika kiraka hicho, yaani marekebisho hayo madogo ya programu, si kazi kubwa. Ugumu uko kwenye kukijaribu, kwa sababu hitilafu hii ina tabia ya kujificha mbele ya anayeichunguza. Fundi husakinisha kiraka, huongeza kazi ya majaribio inayoandika saa kwenye faili, husubiri dakika moja, huiona imefanyika, hufurahi. Lakini kwa kuongeza kazi hiyo ameigusa folda ya ratiba, na folda ikiguswa hata cron ya zamani isiyo na kiraka huisoma yote upya na kumtambua mhasibu. Alichothibitisha ni kwamba cron hufanya kazi mtandao ukiwepo, jambo ambalo halikuwa na mgogoro. Jaribio la haki huanza kwa kuuleta ugonjwa: kazi iwekwe kabla, seva ya akaunti ifungiwe njia, mashine iwashwe upya, na ule mstari wa yatima uonekane kwa macho. Kisha njia ifunguliwe, na fundi asiguse kitu kingine chochote. Kazi ikianza yenyewe, na mashine ya pili yenye cron ya zamani ikabaki kimya katika hali ileile, hapo kiraka kina ushahidi. Inabaki kuhakikisha kwamba mtumiaji aliyefutwa kweli haamshwi na kule kuulizia upya. Mfanyakazi aliyeondoka hatakiwi kuendelea kuendesha programu.

Wapo watakaosema hayo ni makuu, inatosha kuipanga cron ianze baada ya mtandao, au kuichelewesha nusu dakika. Mpangilio unasaidia na uwekwe, lakini mtandao kuwepo hakumaanishi kwamba seva ya akaunti inajibu. Nusu dakika nayo ni kubahatisha. Wengine hudai seva haziwashwi upya mara nyingi. Ni kweli, isipokuwa siku umeme unapokatika na kurudi: mashine zote huamka pamoja, na seva ya akaunti ikiwa nzito kuliko nyingine, huchelewa kuliko zote. Hitilafu huja siku ileile ambayo nakala za data zinahitajika zaidi.

Kwamba kazi za ratiba hufa kimyakimya si hofu ya kufikirika. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata yao kuu. Walipokimbilia nakala za kila siku, waligundua kazi ya kuzitengeneza ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya kutolingana kwa matoleo ya programu, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Data ya takriban saa sita ilipotea. Chanzo chao hakikuwa akaunti za mtandao, lakini udhaifu ni uleule: hakuna aliyekuwa ameitazama kazi hiyo ikishindwa. Kwa hiyo fundi akikuambia cron imetengenezwa, mwombe akuonyeshe kumbukumbu mbili za mashine iliyowashwa bila seva ya akaunti, moja ya kabla ya kiraka na nyingine ya baada yake. Asipokuwa nazo, hajaijaribu.