Buletini Iliyobaki Rutshuru

Mtoto anafika mlangoni mwa darasa mjini Goma, kashikwa mkono na mama yake. Hana daftari wala sare ya bluu na nyeupe, na buletini yake, karatasi ya alama zake za shule, ilibaki Rutshuru siku walipokimbia. Mama anasema alikuwa darasa la nne. Mwalimu atajuaje?

Swali hilo limewakaba walimu wa Goma tangu Oktoba 2022, vita vya waasi wa M23 vilipofika Rutshuru na Kiwanja, na watu wakajaa Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo. Februari 2024 ikawa zamu ya watu wa mji wa Sake kukimbia. Elimu ya msingi ilitangazwa bure mwaka 2019, kwa hiyo madarasa yalikuwa yamefurika hata kabla ya waliohamishwa na vita, wadeplase kama tunavyowaita hapa, kupiga hodi.

Njia ya haraka ni kumpima kwa Kifaransa, na hapo ndipo mtoto anapoonewa. Aliyekulia vilima vya Masisi akizungumza Kihunde au Kinyarwanda huenda anajua kugawanya vizuri kabisa, ila jina lake likiitwa asubuhi ananyamaza, maana hajazoea kuitika kwa Kifaransa. Ukimrudisha darasa la pili, anakaa na watoto anaowazidi kimo. Si ajabu akaacha shule. Afadhali apewe chaki aende ubaoni, aandikiwe hesabu, mwalimu atazame mkono wake unavyokwenda. Dakika tano tu zinatosha.

Kwa wadogo wa chekechea lugha si tatizo kubwa. Wakiimba na kupiga makofi pamoja, mgeni anaokota Kiswahili cha mjini siku hadi siku. Lakini mvua ikipiga bati kwa kishindo, kuna anayeziba masikio na kujikunyata, na mwalimu inabidi aache somo akae naye.

Nasi tusisahau kwamba tuliwahi kuwa wageni. Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, waliokimbia ni watu wa Goma. Tulipokelewa Sake, Minova na Rutshuru.

Februari 2025, wiki chache baada ya M23 kuuteka mji wa Goma, kambi za wadeplase zilivunjwa na familia nyingi zikarudi vijijini kwa ghafla. Watoto wengi wakaondoka kama walivyokuja, bila karatasi. Walimu wetu, nawaomba: mtoto akija kuaga, mwandikieni hata kwa mkono jina lake, darasa na tarehe, mgonge muhuri. Mwalimu atakayempokea huko Masisi asilazimike kubahatisha.