Vitabu vya Kujifunzia Mfumo Endeshi: Hali ya Mwanafunzi wa Rutshuru

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuchagua kitabu cha chapa kwa mtu anayejifunza mfumo endeshi mpya wa kompyuta, hususan mwanafunzi aliyeko Rutshuru, kilomita zipatazo 70 kaskazini ya Goma. Kituo cha umeme cha Matebe, kilichozinduliwa mwaka 2015 kwenye mto Rutshuru, kilileta nafuu kubwa. Hata hivyo, katika eneo ambalo mji wake ulitekwa na M23 mwezi Oktoba 2022, si busara kuyategemeza masomo yote kwenye umeme na intaneti. Karatasi husomeka kwa mwanga wa jua.

Tatizo la kwanza ni lugha. Mwanafunzi huyu hufundishwa kwa Kifaransa na huzungumza Kiswahili sokoni, ilhali vitabu vingi vya fani hii ni vya Kiingereza. Kwa sababu hiyo mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, wastahili kufikiriwa. Kitabu chake mashuhuri, cha Raphaël Hertzog, kilitungwa kwa Kifaransa na kutolewa na Eyrolles mwaka 2004. Baadaye Roland Mas aliungana naye katika uandishi. Mwaka 2012 tafsiri ya Kiingereza ilitolewa kwa leseni huria, na kitabu huingizwa miongoni mwa programu za Debian zenyewe. Maana yake ni kwamba chaweza kusafiri kutoka Goma ndani ya flashi, na mwenye printa akachapa sura anazozihitaji bila kuvunja sheria. Vitabu vingi vya madukani havitoi ruhusa hiyo, na jambo hili kwa maoni yetu lina uzito kuliko bei.

Tatizo la pili ni kuchakaa. Debian hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili, na kwa hiyo sura za usakinishaji na mipangilio hupitwa upesi. Hizo zilinganishwe na toleo lililomo katika kompyuta kabla ya kupoteza wino. Sura za amri ni kinyume chake. Unix ilianza mwaka 1969, na amri kama ls na cp, zilizotumika katika miaka ya 1970, zingali zinafanya kazi ile ile. Kitabu cha zamani cha amri, hata kilichokosa jalada, kisitupwe.

Linabaki suala la istilahi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kwa njia hiyo msamiati wa Kiswahili ukaingia katika kompyuta. Lakini msamiati huo ulielekea Kiingereza: anayesema «fichier» darasani hukuta «faili», na aliyezoea «imprimante» hukuta «printa». Ukurasa mmoja wa istilahi za Kifaransa na Kiswahili, ukibanwa mwanzoni mwa nakala hiyo ya chapa, ungemfaa zaidi kuliko kamusi nzima. Kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili, si ya mafundi.