Ukigeuzwa fundi wa mashine za ofisi bila kupenda

Ni saa tatu asubuhi mjini Kakamega. Umeketi kwenye dawati lako, hesabu za mwisho wa mwezi ziko mbele yako, na mkubwa anazitaka kabla ya saa saba. Mara unasikia sauti, "Kijana wetu, hebu njoo, hii printa imekwama tena!" Unainuka. Unachomoa karatasi iliyojikunja, unapangusa wino mikononi, unarudi kitini. Hujakaa hata dakika kumi, mwingine anakuita. Kompyuta yake imekataa kuwaka.

Je, msomaji, unaijua hali hii? Kama unaijua, basi hauko peke yako. Aghalabu mambo huanza kwa wema. Siku moja mashine ya fotokopi ilikwama, ukaifungua, ikafanya kazi. Wenzako wakakushangilia na kukuita daktari. Tangu siku hiyo hakuna aliyejisumbua hata kujaza karatasi. Yote yanakungoja wewe, ambaye uliajiriwa kuandika hesabu.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hata hivyo, hao hao walisema pia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mwisho wa mwaka kazi yako itakapopimwa, hakuna atakayehesabu karatasi ulizochomoa. Kitakachoonekana ni hesabu zilizochelewa.

Hatari nyingine ni lawama. Mashine ikifa kabisa, swali la kwanza litakuwa, "Nani aliigusa mwisho?" Na jibu kila mtu analo.

Isitoshe, mashine hizi si za mchezo. Mwaka wa 1959, kampuni ya Haloid Xerox ya Marekani ilipozindua mashine yake ya fotokopi ya 914, iliyokuwa na uzani wa takriban kilo 290, iliiuza pamoja na kizima-moto kidogo, maana karatasi zilizokwama ndani ziliweza kushika moto. Mashine za leo ni salama zaidi, lakini printa ya leza bado huyeyusha wino wake wa unga kwa joto linaloweza kufikia nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Atiaye mkono humo kabla mashine haijapoa ataungua. Nao mji wetu wa Kakamega, kama ujuavyo, una mvua na radi nyingi, hasa alasiri. Radi ikipiga, au stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, mashine inaweza kuungua ndani. Hapo si kazi ya karani mwenye bisibisi.

Ufanyeje basi bila kuonekana una kiburi?

Kwanza, fahamu kazi yako ni ipi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako, yakiwemo maelezo ya kazi yenyewe. Yasome. Hukupewa ili uyatumie kama rungu la kuwapigia wenzako, bali ujue unaposimama.

Pili, jifunze kukataa kwa adabu. Mila zetu hazimruhusu kijana kumpa mtu wa rika la mama yake jibu la mkato. Mwambie, "Sawa mama, nimekusikia. Acha nimalize hesabu hizi, saa nane nitakuja. Kama ni ya haraka, tumwombe mkubwa amwite fundi." Hukumvunjia heshima, wala hukuiacha kazi yako.

Tatu, fundisha. Mtu akikuita, usimsukume kando na kuifanya kazi peke yako. Mwache afungue mwenyewe huku ukimwelekeza. Bandika ukutani karatasi yenye hatua tatu au nne: zima mashine, ngoja ipoe, vuta karatasi polepole kwa mikono miwili, funga mlango. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, weka daftari kando ya mashine. Kila inapoharibika, aliyekuwa akiitumia aandike tarehe, saa na tatizo. Baada ya mwezi mmoja, mwone mkubwa faraghani, wala si mbele ya watu. Mwonyeshe daftari na muda uliopotea. Mwombe aamue moja kati ya mawili: fundi aitwe kwa utaratibu, au kazi hiyo iandikwe rasmi kuwa yako, ufundishwe na ipimwe pamoja na kazi zako nyingine.

Tano, likihusu umeme, usiguse. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake kuhusu hatari asiyoweza kuirekebisha mwenyewe. Kutoa habari ni wajibu wako. Kufungua waya ni kazi ya aliyesomea.

Neno langu la mwisho ni kwenu wanafunzi, mlio Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Sigalagala au kwingineko, mnaotumwa maofisini kupata mafunzo ya kazi. Ninyi ndio hugeuzwa mafundi upesi zaidi, eti kwa kuwa vijana wanajua kompyuta. Saidieni, maana msaada hufungua milango. Lakini kila Ijumaa fungua daftari lako la mafunzo ujiulize: wiki hii nimejifunza nini cha fani yangu? Ikiwa jibu ni karatasi zilizokwama pekee, mwendee msimamizi wako Jumatatu asubuhi, umwombe kazi uliyoijia. Miezi mitatu hupita upesi, na mwalimu wako hatauliza ofisi hiyo ilikuwa na printa ngapi.