Je, Wajua? Mtunzaji wa Taarab Naye Husema

Katika taarab ya Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu 1905, msikilizaji hainuki ovyo kwenda kumtunza mwimbaji, yaani kumtuza pesa. Mwanamke husubiri ubeti unaomgusa, ndipo husogea jukwaani kwa madaha, noti ameishika juu, na pengine humtupia jicho aliyemkusudia kabla ya kumkabidhi mwimbaji. Wapo wanaosema huko ni kujionyesha tu na kumkatiza msanii. Kujionyesha kupo, sikatai. Lakini mwenye kutaka kuonekana tu angeinuka wakati wowote. Anayechagua ubeti huyafanya maneno ya mshairi kuwa yake, bila yeye mwenyewe kufungua kinywa. Wala mwimbaji hakatizwi: huweza kuurudia ubeti huohuo, watunzaji wakazidi kumiminika.