Amani ya Wajir Ilianzia Sokoni

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na mji wake mtaukuta kwenye ramani: Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, nchi ya jua kali, mchanga na ngamia, jirani na Somalia.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mji huo haukulala. Ukame ulikuwa umeua mifugo, serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991, na bunduki zikawa zinavuka mpaka bila kizuizi. Koo za Wasomali wa pale, zikiwemo Ajuran, Degodia na Ogaden, zikageukiana. Usiku mmoja risasi zilipolia karibu na nyumba, mama kijana aitwaye Dekha Ibrahim Abdi alimbeba binti yake wakajificha chini ya kitanda. Kulipokucha, mama yake Dekha akamkumbusha kwamba katika miaka ya sitini, wakati wa vita vya Shifta, yaani vita vya waasi wa eneo hilo dhidi ya serikali, yeye naye alimficha Dekha akiwa mtoto mdogo, chini ya kitanda vilevile.

Mtoto wa Wajir wa wakati ule, kama ungemuuliza amani ni nini, sidhani angetaja njiwa mweupe. Angekuambia ni kulala juu ya kitanda mpaka asubuhi.

Lakini mama yake angejibu vingine. Mwaka 1993 Dekha na wenzake wachache walikutana arusini, wakaanza kunong'onezana: hivi sisi tunaokaa hapa tunakula pilau pamoja, mbona kesho hatuwezi kununua kitu kwa mwenzetu? Maana sokoni mambo yalikuwa yameharibika. Wanawake wa ukoo mmoja walikuwa wakiwazuia wa ukoo mwingine wasiuze wala kununua. Basi hao wachache, wakitoka koo mbalimbali, wakaamua kuanzia hapo hapo, kwenye mafungu ya mboga na vibuyu vya maziwa. Walikwenda kwa wauzaji, wakawasihi, wakakubaliana kwamba soko ni la kila mtu. Kisha wakachagua kamati ya kulilinda kila siku: anayenyanyaswa anaripoti, kamati inakwenda kusikiliza. Hawakungoja mtu kutoka Nairobi. Kwa mama mwenye watoto wa kulisha, amani ilikuwa ni kurudi nyumbani na unga.

Soko likatulia, lakini huko porini bunduki zilikuwa bado zinalia. Wanawake wakawaendea wazee. Hapo kulihitajika werevu, kwa sababu mzee wa ukoo mkubwa akimwita mzee wa ukoo mkubwa mwenzake, yule wa pili atajiuliza ni mtego gani huu. Kwa hiyo walitafutwa kwanza wazee wa koo ndogo, wasioogopwa na yeyote, na wao ndio wakawaita wakubwa. Mimi naona hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika hadithi hii. Mwaka huohuo wa 1993 wazee wakafikia mapatano yanayojulikana kama Azimio la Al Fatah, yaliyoweka kanuni za kurudisha utulivu.

Kwa mzee, mnajua, amani ina hesabu. Nani aliuawa, nani aliibiwa ngamia, dia, yaani fidia ya damu, ni kiasi gani, na nani atailipa. Deni la damu likibaki bila kulipwa, kwake mambo hayajaisha hata kama mji mzima umenyamaza.

Na vijana waliokuwa na bunduki? Wao waliuliza: tukiziweka chini tutakula nini? Swali zuri. Ndiyo maana wafanyabiashara walichangishwa fedha, na vijana wakaanzisha kundi lao la amani na kutafutiwa namna ya kujipatia riziki. Baadaye, mwaka 1995, makundi hayo yote yakaunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, wanawake, wazee, vijana na maofisa wa serikali wakiwa pamoja. Ugomvi ulipozuka mahali, walipelekwa watu haraka kabla haujasambaa. Haikuwa kinga kamili: mwaka 1998 watu wengi waliuawa huko Bagalla, katika eneo la Wajir.

Sasa nisubirini, maana kuna watu sijawataja. Katika kamati ile, polisi waliketi pamoja na akina mama. Kwa baadhi ya wenyeji hilo halikuwa jambo jepesi. Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji, wakawaweka juani kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji wamekuwa wakisema ni wengi zaidi, mara nyingi ya idadi hiyo. Miaka ikapita bila hesabu ya kuaminika.

Mjane wa Wagalla aliweza kuishi mji ukiwa umetulia, soko limejaa, watoto wanakwenda shule, na bado asiwe na amani. Ya kwake ilikuwa ni kuulizwa kilichompata mumewe, na jibu lake kuandikwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Wajir mwaka 2011, miaka 27 baadaye, ikaketi kuwasikiliza manusura na wajane.

Dekha, aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 kwa kazi yake, alifariki Julai mwaka huohuo wa 2011 baada ya ajali ya gari. Miaka mitatu baadaye, Februari 2014, mnara wa kuwakumbuka waliouawa Wagalla ulizinduliwa mjini Wajir, na majina yao yameandikwa juu yake.