Jina la M-Pesa Lilikuwa la Nani?

Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, wateja waliipokea kama mtoto wa nyumbani. Jina lenyewe lina neno la Kiswahili ndani yake. Kisheria, hata hivyo, jina hilo lilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ililitumia kwa malipo. Seva nazo zilikuwa Ulaya hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Ni Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini, kwa ubia, zilipokamilisha kulinunua jina hilo, pamoja na kazi ya kuuendeleza mtambo wa huduma, ili huduma ienee Afrika bila kusubiri ruhusa ya London.

Jina, programu, anwani ya intaneti na taarifa za wateja ndizo mali za kidijitali za kampuni. Hazishikiki, lakini zina mwenyewe, na swali la nani mwenyewe hujibiwa upya kila mpaka unapovukwa.

Alama ya biashara hulindwa pale iliposajiliwa tu. Tanzania Bara husajiliwa na wakala wa usajili wa biashara, BRELA; Zanzibar husajiliwa na wakala wake, BPRA. Kampuni ya Dar es Salaam inayotaka kulindwa Unguja hujisajili mara ya pili.

Apple ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2009, kupitia kampuni nyingine, ilinunua jina la iPad kutoka Proview ya Taiwan kwa pauni 35,000. Kumbe nchini China jina hilo lilikuwa limesajiliwa na Proview ya Shenzhen. Kesi ilimalizika mwaka 2012 kwa Apple kulipa dola milioni 60.

Anwani ya intaneti nayo ina tarehe ya kuisha. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, anwani iliyotumika kuingia Hotmail, na baadhi ya watumiaji wa Hotmail wakashindwa kufungua barua pepe zao, hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta asiye mwajiriwa wake alipoilipia dola 35.

Kinga ya mali hizi huanza na daftari moja: kila jina na anwani, nchi iliposajiliwa, siku ya kulipia, na anayeshika nywila. Mkataba na fundi wa programu nao useme wazi kuwa kazi yake ni mali ya kampuni. Daftari hilo likaguliwe kabla ya kukodi ofisi Kigali au Lusaka, wakati jina bado linaweza kusajiliwa kwa ada ya kawaida.